Jino la Kambo Olipa

Kisiwani kwetu Kilwa, ziwani Mweru, wavu mpya ulikuwa hauingii majini kabla bibi yetu, Kambo Olipa, hajauuma. Alikuwa amezeeka akisokota nyuzi za magome ya miti, na uzi ukikatika menoni mwake, wavu ulikataliwa.

Siku ile ya 1971 mchuuzi kutoka Kongo alituletea wavu wa kwanza wa nailoni. Kisiwa kizima tulijazana ufukweni.

"Kambo, hii haikatikake!" alijigamba.

Kambo akauma, akavuta kwa nguvu zote.

Kah! Jino likaruka, likaanguka mchangani.

Tuliguta. Yeye alitema damu, akacheka mpaka mabega yakatikisika. Akaliokota jino, akalifunga kwenye ukingo wa wavu kwa uzi wake wa magome.

"Sasa iko yetu," alisema. "Munangoya nini? Musukume mutumbwi!"