Viatu Mkononi

Siku hizi kila aliyefika miaka sitini huvaa kijazio nyuma ya sikio, nacho humrudishia yale aliyoyasahau, kwa kuyaunga upya kutokana na picha na masimulizi ya ndugu. Daktari Tumpe, aliyekuwa na sitini na minne, alipima kumbukumbu za watu kliniki. Kila mgonjwa alimsimulia jambo lilelile miezi mitatu mfululizo. Kumbukumbu yake mwenyewe ilibadilika kidogo kila mara. Ile ya kijazio ilirudi neno kwa neno.

Nyumbani hakuwahi kumpima mumewe, kwa hofu. Lakini Jumapili hiyo, wakinywa chai, Ambakisye akaanza mwenyewe habari za harusi yao ya Tukuyu.

"Lori la kwaya likanasa kwenye tope. Ukashuka kusukuma na gauni lako, Mama Lusajo."

"Mwezi jana ulisema lilinasa darajani."

"Darajani, topeni, mimi najua tulifika kanisani kama wachimba mitaro."

Tumpe akacheka, moyo ukatulia. Kumbukumbu ya siku ile bado ilikuwa ya mumewe mwenyewe.

"Haya, zamu yako," Ambakisye akasema.

"Nilivua viatu nikavishika mkononi," Tumpe akaanza, "mvua ikianguka polepole kwenye migomba, na…"

"…na harufu ya majani ya chai ikapanda kutoka bondeni," mumewe akamalizia, akitabasamu. "Naipenda hiyo. Hukosei hata neno."

Tumpe akagusa kijazio nyuma ya sikio lake. Kisha akajaribu kuisimulia upya, kwa namna nyingine, taratibu. Maneno yakaja yaleyale.