Kambi Isiyo na Jina

Pirogi ya chanjo, mtumbwi wa mtoni, ilikuwa imeshaondoka na barafu yote ya hospitali, ndipo Yolande, mwandishi wa takwimu, alipouliza inakwenda wapi.

"Kwenye kambi ya wavuvi," daktari akasema, akigonga kidole kwenye karatasi aliyoichapa Yolande mwenyewe. Barumbu, watoto 61. Opala, 88. Yangambi, 54. Mstari wa mwisho, bila jina: 203. "Wale wavuvi, bon, hawaandikishagi jina. Na wao ndio wenye watoto wengi!"

Yolande akakaa chini polepole. "Papa docteur, ile iko jumla. Niliomba kompyuta hesabu ya kila mahali, na mwishoni jumla ya wote. Jumla haina mahali, donc jina linabaki wazi."

Daktari akaitazama karatasi, akamtazama Yolande, akarudi kwenye karatasi.

"Alors, jumla inaishi wapi?"

"Haiishi! Na watoto wa Barumbu wanangojea barafu ile!"

Simu ikalia. Alikuwa mwenye pirogi, na nyuma yake kelele kama za shule nzima.

"Papa docteur, tumefika kwenye kambi. Watoto iko mingi, wamepanga mustari. Lakini hakuna mutu anajua jina ya hapa. Niandike nini?"