Mtetemo wa Babu Eruera

Ngaire aliisikia pikipiki ya Babu Eruera kabla haijakata kona, akaitupa spana kwenye beseni la chuma kwa kishindo.

"Huyo anarudi tena," alisema Pāora kutoka mlangoni mwa karakana, mdomo umejaa mkate wa kukaanga. Alikuwa binamu yake, muuza mafuta wa hapo jirani, na aibu ya mtu haikuwahi kumpita bila yeye kuionja. "Mara ya tatu, dada. Mji mzima wa Wairoa utasema umeshindwa na chuma kilichokuzidi umri."

"Rudi kwenye pampu yako."

"Siendi. Hii siikosi kwa lolote."

Kweli ilikuwa mara ya tatu kurudi, na hilo ndilo lililomchoma Ngaire. Mwanzoni babu aliileta kwa ukaguzi wa mwaka tu: taa, breki, matairi. Lakini Ngaire alipoijaribu barabarani ilitetemeka mpaka miwani ikamteleza puani na vidole vikafa ganzi. Moyo ulikataa kumrudishia mzee kitu cha namna ile. Bila kuombwa, alibadilisha raba zote zinazoishika injini, akakaza spoki moja moja, akakinyoosha kigari cha pembeni anamoketi Bibi Wikitoria. Aliifanya kazi ile kwa upendo. Mji mzima ulijua kwamba kumbukumbu zilikuwa zimemtoka bibi, na kwamba safari ya Jumapili mpaka mto unapoingia baharini ndiyo pekee iliyokuwa bado inamtoa ndani.

Wiki iliyofuata babu alirudi na samaki aliyekaushwa kwa moshi. "Ule mtetemo, mjukuu wangu..." akaanza.

"Usiseme zaidi, babu. Niachie mimi," Ngaire alimkata. Akafungua usukani na kuweka vyuma vizito vya kuutuliza kwenye ncha zake. Akapima magurudumu. Akatoa cheni iliyolegea, akaweka mpya.

Babu akarudi tena, safari hii bila samaki. "Nimekuja kwa ajili ya mtetemo," alisema. "Nilitaka kukwambia..."

"Nimeelewa, babu! Nimeelewa!"

Injini nzima ikapanda juu ya meza. Ngaire aliacha matrekta ya watu yakingoja uani, akaifungua mpaka ndani kabisa, akasawazisha kila kinachozunguka. Alipomrudishia babu ile pikipiki, ilikuwa inanguruma laini kama cherehani.

Na sasa huyu hapa tena, amesimama mlangoni, kofia ngumu mkononi. Hakuinama wagusanishe pua kwa salamu, kama kawaida yao.

"Umeiharibu," alisema.

Damu ilimpanda Ngaire. "Nimeiharibu? Mimi?"

"Nani mwingine? Jumapili Wikitoria ameshuka njiani. Amekaa kando ya barabara, analia, ananisukuma, hataki kupanda. Nimemrudisha nyumbani kwa lori la maziwa, kama mzigo!" Babu alipiga kofia yake pajani. "Hatujabakiwa na kingine, mimi na yeye. Ni safari hiyo tu. Akiikataa na hiyo, basi nimempoteza."

Maneno yale yalimwingia Ngaire mahali pabaya, na kwa kuwa yalimuuma, alizidi kukasirika.

"Mpe ukweli wake, babu," Pāora alidakia. "Mwambie akatengeneze mashine za kukatia nyasi."

"Wewe nyamaza!" babu na Ngaire walimfokea kwa pamoja.

Ngaire akakinyakua kikombe cha chai cha Pāora, kimejaa pomoni, akatoka nacho uani na kukiweka juu ya tangi la pikipiki. Akapiga kiki. Injini ikaamka. Akaongeza moto, akaongeza tena, mpaka mngurumo ukajaa ua mzima na kondoo waliokuwa kwenye lori la jirani wakaanza kulia. Chai ilicheza kidogo ukingoni, kisha ikatulia. Halikumwagika hata tone.

"Unaona?" alipiga kelele. "Haya, weka mkono! Weka kwenye usukani, kwenye kiti, popote unapotaka! Nimeacha kazi za watu kwa ajili ya pikipiki hii. Nikilala naiota. Halafu unakuja kuniambia mbele ya huyu mpuuzi kwamba nimeharibu?"

"Nani mpuuzi?" aliuliza Pāora.

"Nimetafuta kila mahali, babu! Hakuna bolti ambayo sikuigusa. Kama mimi sijui kazi, basi nionyeshe wewe." Akakiondoa kikombe kwenye tangi. "Nionyeshe. Huo mtetemo uko wapi?"

Babu Eruera alisogea hadi kwenye pikipiki. Aliweka kiganja kwenye kigari cha pembeni, juu ya mto ambao mkewe huegemeza mgongo, akakiacha pale injini ikiendelea kunguruma. Kisha akanyoosha mkono mwingine na kuizima pikipiki.

"Hilo ndilo ninalokuuliza toka mwanzo," alisema. "Uko wapi? Ulikuwa ukianza tu kumtikisa Wikitoria, ananikumbuka, ananiita kwa jina."