Mtu Aliyetundikwa Kichwa Chini

Ndoa haifungwi siku hizi mpaka mashine ya ramli itoe karata. Ya Mwanahawa ilitoka na picha ya mtu aliyetundikwa kwa mguu mmoja, kichwa chini. Karani wa ndoa akasoma tafsiri kwenye skrini: "Bwana harusi atakufa. Ndoa imefutwa."

"Atakufa kwa lipi?" Bi Shamsa, mama wa binti, akawaka. "Mtazame mtu wa kwenye karata usoni, si anatabasamu? Huyu anasubiri tu! Huna macho?"

"Mashine imeshasoma, mama."

Bi Shamsa alirudi nyumbani akifoka njia nzima. Akamkuta Mwanahawa uani, anasugua hina mikononi kwa brashi ya kufulia, ngozi imechubuka, na karata iko wazi kwenye simu kando yake.

"Acha, mwanangu! Hebu mtazame, anatabasamu!"

"Nimemwona, mama," alijibu huku akiendelea kusugua. "Lakini mashine imesema atakufa."