Ndala ya Kushoto

Kila aliyeingia kuogelea kwenye bwawa la mtoni alimwachia Mama Nyamizi, mwangalizi wa pale, ndala yake ya kushoto, na akitoka aliichukua. Raheli, aliyekuja likizo na mumewe Kefa, aliona ni mchezo tu. Alipochoka kuogelea alitokea upande wa chini, akaenda kuchuma mapera bila kumuaga mtu.

Filimbi ilipolia, alirudi mbio, pekupeku. Mvua ya milimani ilikuwa imefika. Maji yalikuwa mekundu, yanabeba magogo, na watu wote walikuwa wametoka. Mama Nyamizi alisimama juu ya jiwe, ameshika ndala moja.

Alipomwona Raheli, ndala ikamdondoka.

"Si umo majini, mwanangu?"

"Nilitoka kitambo, mama. Kefa yuko wapi?"

"Amekufuata."

Raheli aligeukia mto. Katikati ya povu kichwa cha Kefa kiliibuka, kinatweta. Akaliita jina lake mpaka sauti ikapasuka. Kefa hakusikia. Alivuta pumzi, akazama tena kumtafuta.