Wino Mkononi mwa Shangazi

"Dakika kumi zimekwisha, nitie dawa ya pili," alisema shangazi, kichwa amekilaza kwenye kiti, kichupa cha dawa ya macho mkononi.

Nikawasha kioo cha simu. App niliyoitengeneza ilisema zimebaki dakika nne. Kesho yake ilikuwa iende kwa wagonjwa wote wa kliniki ya macho.

"Bado, shangazi."

"Bado nini?" Akanikodolea jicho lake zima, akanionyesha mgongo wa kiganja. Kwa kalamu ya bluu, juu ya ngozi iliyokunjamana, alikuwa ameandika saa tuliyotia tone la kwanza: tatu na kumi. Saa ya ukutani ilisema tatu na ishirini.

Alikuwa muuguzi miaka thelathini. "Kwani app yako inafanyaje?"

"Inahesabu. Kila sekunde inaongeza moja."

"Na ikisinzia?"

Nikaitazama simu. Kioo kilipojizima, simu ililaza app ili kuokoa chaji. Dakika nne zilipita bila mtu wa kuzihesabu.

"Wodini ukihesabu, mtu anakuita, hesabu inapotea. Andika ulipoanza, kisha angalia saa. Basi."

Nikavuta kompyuta, nikafuta mistari yote ya kuongeza moja moja. Nikaandika mmoja tu: saa ya sasa, toa saa tuliyoanza.

Nikaushika ule mkono wenye wino, nikaubusu. "Shangazi, sijui hata nikushukuruje..."

"Nitie dawa kwanza. Utanishukuru nikiwa naona."