Ndoo Nyekundu Bombani

Ndoo za wasichana wa bweni zilikuwa zimepanga foleni bombani, ya Leokadia ikiwa katikati, nyekundu, haina jina. Mwenyewe alikaa ngazini, simu sikioni.

"Chuo kile kinataka jibu leo," kaka yake alisema. "Unahama au unabaki?"

"Sijui, kaka."

"Si wewe uliyesema mwaka mzima hapo hakuna hata anayekujua?"

"Nilisema."

Alitafuta uchungu wa maneno yale, asiuone. Akatazama foleni tu. Kila iliposogea, msichana wa nyuma aliisukuma ile nyekundu kwa mguu pamoja na yake, bila kukatiza soga. Ilipofika bombani, akaikinga, akafungua maji. Leokadia hakuwahi kusema naye hata neno.

"Leokadia!" msichana akaita kuelekea ngazini. "Yako hii imejaa!"

Msichana hakungoja jibu. Aliiweka ndoo pembeni, akaifunika kwa beseni lake mwenyewe vumbi lisiingie, kisha akakinga yake.

"Upo?" kaka yake aliuliza.

Leokadia alikuwa akilitazama lile beseni juu ya ndoo isiyo na jina.